Wiki moja ya winta kisiwa cha Mediterania kwa bajeti ndogo: Malta, Cyprus au Crete?

Upepo_wa_Kusi

Wakuu habari za majukumu, naombeni ushauri hasa nyie mliowahi kufika kusini mwa Ulaya kipindi cha baridi. Tupo Ujerumani, mimi, mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 4, na winta ya huku walioishi wanaijua, jua linaweza kupotea hata wiki nzima na watoto wanashinda ndani mpaka wanagombana kwa kitu kidogo tu. Mkubwa anafunga shule wiki moja mwezi wa pili, tukasema safari hii tujikaze tutoke tukaone mwanga.

Pesa tuliyotenga ni euro 1,200 kwa kila kitu, nauli, malazi, kula na kuzunguka. Najua sio nyingi kwa watu wanne ndo maana nauliza. Kwenye ramani tumebakiwa na visiwa vitatu, Malta, Cyprus na Crete. Wife anavutiwa na Crete sababu ya milima na picha za ile bandari ya Chania, mimi moyo uko Cyprus nimesikia ndo yenye joto kuliko zote. Malta tumeiweka tu sababu nauli yake ilikuwa chini.

Ninachotaka kujua: baharini mtu anaingia mwezi wa pili au ndo basi? Bila gari tutazunguka? (hatutaki kukodi gari, gharama na presha ya barabara nisizozijua). Na hizo bei za hoteli tunazoziona mtandaoni ni za kweli au ukifika kuna mengine? Vibali vya kukaa tunavyo wote kwa hiyo viza sio tatizo.

Asanteni sana.


Taratibu_Ndo_Mwendo

Mkuu karibu. Nianze na bahari maana hapo ndo wengi wanavunjika moyo wakifika. Mwezi wa pili maji ya Mediterania ndo yako kwenye baridi yake kubwa ya mwaka mzima, Malta yanakuwa kama nyuzi 15 au 16, Cyprus yanazidi kidogo tu. Utawaona wazee wa huko wanaingia asubuhi, wamezoea, ila mtoto wa miaka 4 atalia. Kwa hiyo waambieni watoto mapema kwamba tunaenda kuokota mawe na kutembea ufukweni, sio kuogelea, ili wasifike na matumaini mengine.

Jua lenyewe lipo. Malta mchana inacheza nyuzi 15 mpaka 17, ukikaa mahali pasipo na upepo unavua koti kabisa, ukisogea kivulini unalivaa tena. Mvua zinanyesha lakini mara nyingi zinakuja kwa nguvu zinapita, sio ile manyunyu ya siku nne mfululizo.

Kwa bajeti yako na bila gari mimi naipigia kura Malta bila kusita, na sababu kubwa ni ukubwa wake. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 tu, basi za umma zinafika karibu kila kona na nyingi zinaanzia Valletta pale nje ya geti la mji. Wenyeji wenye kadi wanapanda bure tangu mwezi wa kumi 2022, mgeni analipa, lakini kuna kadi ya siku saba ya kupanda basi za kawaida bila kuhesabu safari, na ya mtoto ina bei yake ya chini. Kwa watu wanne wa kuzunguka kila siku hiyo kadi ndo mkombozi. Sema basi zinachelewa na zinajaa, hasa jioni watu wakitoka kazini, usipange mambo matatu kwa siku. Panga moja kubwa, likiisha mapema ni faida.

Sasa jambo ambalo watu hawaangalii kabisa wakati wa kubuku ni baridi ya NDANI. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya chokaa, zimetengenezwa zikabiliane na joto la kiangazi, dari juu, sakafu ya marumaru, na nyingi hazina hita za maji ya moto zile za ukutani kama mlivyozoea Ujerumani. Nje nyuzi 16 raha mustarehe, ukiingia chumbani unakuta ukuta una unyevu ukiugusa kwa kiganja unahisi maji, shuka zina ubaridi fulani, nguo ulizofua juzi bado mbichi. Watu wanarudi wanasema Malta baridi kumbe walichagua nyumba vibaya. Kwa hiyo kabla hujalipa mwandikie mwenye nyumba maswali haya: kiyoyozi kinatoa joto au ubaridi tu? kipo chumba cha kulala au sebuleni peke yake? umeme umo kwenye bei au unasomwa mita na kulipwa pembeni? Na ghorofa ya chini iliyo uchochoroni usiichukue hata iwe bei ya kutupa, chukua ya juu yenye dirisha linaloangalia kusini.

Halafu soma maoni ya waliolala pale mwezi wa kwanza na wa pili tu. Ya mwezi wa saba hayakusaidii kitu.


MamaZuwena

Kaka pole na baridi, na hongera kwa kuwafikiria watoto na shemeji.

Mimi nitaitetea Cyprus kidogo maana naona itaachwa. Joto ni kweli, mchana wa mwezi wa pili pwani inafika 17 na siku nzuri inavuka. Ila ukienda usiende Ayia Napa, utaona bei ya hoteli iko chini mno ukafurahi, ukifika mtaa mzima umefungwa, migahawa imegeuza viti juu ya meza mpaka msimu uanze, unatembea na watoto hakuna hata pa kununua maziwa karibu. Kaa Larnaca au Paphos, miji ambayo watu wanaishi mwaka mzima.

Larnaca mimi naipenda zaidi kwa familia. Kuna ule mtaa wa ufukweni wa Finikoudes wenye mitende, tambarare, mtoto anakimbia unamuona. Na nyuma ya mji kuna ziwa la chumvi ambalo winta linajaa maji na flamingo wanakuja, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu, wanasimama kwa makundi. Ng'ambo ya ziwa kuna msikiti wa Hala Sultan Tekke, ndipo lilipo kaburi linalonasibishwa na Umm Haram, sahaba wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake. Mahali patulivu sana, kuna mitende na paka wengi, kiingilio hakuna, vaa nguo ya heshima tu. Kwa sisi waislamu hiyo ziara peke yake ina maana kubwa.

Na kama watoto wanataka theluji yenye jua, juu ya milima ya Troodos inaanguka, kilele chake kina mita 1,952 na kuna sehemu za kuteleza. Sema huko bila gari ni shughuli, basi ni chache mno. Hapo ndo naona bajeti yako itabana. Miji mikubwa yenyewe inaunganishwa na basi vizuri, Paphos, Limassol, Larnaca mpaka Nicosia, sio tatizo.

Kitu kingine, maji ya moto. Nyumba nyingi zinatumia mitambo ya jua juu ya paa, siku ya mawingu maji yanakuwa vuguvugu tu mpaka uwashe swichi ya umeme. Muulize mwenyeji wako swichi iko wapi siku ya kwanza, usisubiri usiku watoto wako na sabuni kichwani.


korongo_la_mbali

Crete kwa mwezi wa pili na hela hiyo mwacheni shemeji aisubiri mwezi wa tano. Sio kwamba ni mbaya, Chania na Heraklion ni miji hai, mikahawa imejaa wenyeji, na kutoka bandarini Chania unaiona milima ya Lefka Ori imevaa theluji hiyo picha huipati kiangazi. Lakini ndege za moja kwa moja kutoka kaskazini mwa Ulaya nyingi zinasimama winta, unalazimika kupitia Athens, hapo zidisha nauli mara nne. Ipo meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni nafuu na ni raha kwa anayependa bahari, ila inakula usiku mzima na bahari ya mwezi wa pili ina siku zake, na watoto wadogo... mh. Korongo la Samaria ambalo ndo wengi wanalifuata linafungwa winta yote. Vijiji vya pwani ya kusini vingi vimelala.

Wiki moja haitoshi Crete. Ni kubwa, ina urefu wa kilomita kama 260, bila gari utaona mji mmoja tu.


Ndimu_Chungwa

Naona hakuna aliyetaja Sicily nayo ni kisiwa cha Mediterania jamani na kwa chakula hakuna wa kuishinda kwa bei. Mwezi wa pili ndo msimu wa machungwa, yale mekundu ndani yanayolimwa maeneo ya mlima Etna, sokoni unabeba mfuko mzima kwa hela ndogo, watoto wanakula mpaka wanachoka. Catania unashukia, kuna treni mpaka Siracusa kama saa moja na kitu, unakaa Ortigia ule mji wa kale uliozungukwa na bahari, unatembea kwa miguu hakuna haja ya basi. Etna ina theluji juu na kuna basi la umma linalopanda kutoka Catania asubuhi na kurudi alasiri, moja tu kwa siku, ukilikosa la kurudi umekwisha.

Makumbusho ya serikali Italia watoto chini ya miaka 18 hawalipi na Jumapili ya kwanza ya mwezi hata wakubwa bure.

Angalizo, tarehe 3 mpaka 5 mwezi wa pili Catania wana sikukuu ya Mtakatifu Agatha, mji unafurika, ni kitu kizuri kukiona lakini malazi yanapanda na barabara zinafungwa. Angalia kama likizo ya mtoto inagongana na hizo tarehe.


Upepo_wa_Kusi

Nawashukuru sana aisee, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimemsomea wife yote, Crete ameikubali kuiahirisha ila amesema neno lisibadilike hiyo mwezi wa tano.

Sasa tumebaki Malta na Cyprus. Hilo la msikiti limenigusa, lakini nauli ya Cyprus kwa wiki yetu ni karibu mara mbili ya Malta, nimeangalia tena leo asubuhi. @Taratibu_Ndo_Mwendo nisaidie, kama ni Malta tukae mji gani, na mtoto wa miaka 4 atafanya nini huko siku saba? Naogopa tusije tukaenda kuangalia makanisa na kuta za mawe tu. Na hiyo 1,200 itatosha kweli?


Taratibu_Ndo_Mwendo

Itatosha mkuu kama nauli mmeipata chini ya euro 400 kwa wote wanne, na hapo nauli namaanisha pamoja na begi. Haya mashirika ya bei nafuu tiketi ni ndogo halafu begi linakuja kuzidi tiketi, kwa wiki moja lipieni begi moja kubwa la familia, mengine yawe yale madogo ya kuweka chini ya kiti. Angalieni kuruka Jumanne au Jumatano badala ya Jumamosi, wiki za likizo ya shule Jumamosi ndo inakamuliwa. Na angalia saa ya kutua, ndege ya usiku wa manane inaonekana rahisi lakini unatua basi zimepungua, watoto wamelala mabegani, unachukua taksi na ile nafuu yote imeishia hapo.

Pa kukaa, kuna njia mbili. Sliema ina mandhari na kivuko cha kwenda Valletta, dakika chache tu unavuka maji unaingia mji mkuu, watoto watataka kurudia kila siku. Lakini ni ghali kidogo hata winta. Buġibba na Qawra, kaskazini, ndo kwenye apatimenti na hoteli nyingi za bei ya chini msimu huu kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya watalii wa kiangazi na winta zinatafuta watu. Hapohapo watu wanaishi kwa hiyo maduka yako wazi, kuna njia ndefu ya kutembea ufukweni, na Qawra ndo kuna akwariamu ya taifa, siku ya mvua mnamalizia humo. Kwa bajeti yenu ningechagua huko. Malazi jitahidini yasizidi euro 450 kwa wiki nzima na jiko liwemo, jiko ni muhimu kuliko mandhari ya bahari, kifungua kinywa na chakula cha usiku mnapika, mchana mnakula mnapozunguka. Mchana wenyewe kuna pastizzi, vimaandazi vya tabaka tabaka kama sambusa iliyochanua, ndani jibini laini au njegere, bei yake ndogo mno na hakuna mtoto anayekataa. Kuleni mahali palipo na foleni ya wenyeji, vikiwa vya moto, vikipoa vinakuwa na mafuta mengi mdomoni.

Mtoto wa miaka 4 usimwonee huruma. Valletta pale bustani ya Upper Barrakka saa sita kamili mchana wanapiga mzinga wa salamu, mnasimama juu bure mnaangalia askari wanavyojiandaa chini, bandari yote iko mbele yenu. Fikeni kama robo saa kabla mpate nafasi kwenye ukingo, na mwambie mdogo azibe masikio maana mlio ni mkubwa. Jumapili nendeni Marsaxlokk kwenye soko la samaki, ile bandari ina mashua za wavuvi wanaziita luzzu, zimepakwa njano, nyekundu, bluu na kijani, na kwenye omo kila mashua ina macho mawili, moja kila upande, yamechongwa yakapakwa rangi kabisa kana kwamba chombo kinaangalia njia. Mkubwa mpeni daftari achore. Kuna pia Esplora kule Kalkara, kituo cha sayansi cha watoto cha kushika na kubonyeza vitu, ile ni nusu siku nzima hamtasikia mtu analalamika.

Kuta za mawe mnazoziogopa zina faida yake. Mdina, ule mji wa kale uliozungushiwa ngome, magari ni machache sana ndani, watoto wanazurura vichochoro kwa usalama, na juu ya ngome unaiona nusu ya kisiwa. Mwezi wa pili pia kila mahali ni kijani na maua ya porini yameanza, mtu aliyeiona Malta mwezi wa nane ikiwa kahawia yote hawezi kuamini ni kisiwa kilekile. Mimi hiyo ndo sababu ningeenda winta hata kama bei zingekuwa sawa.

Tarehe 10 mwezi wa pili ni sikukuu ya Mtakatifu Paulo ya kuvunjikiwa meli, Valletta kuna maandamano na bendi na vikaratasi vinarushwa kutoka madirishani. Kuna na kanivali siku tano kabla ya Jumatano ya Majivu, tarehe inahama kila mwaka, magari makubwa ya rangi na watoto wamevaa mavazi ya ajabu ajabu, bure kutazama barabarani. Kama wiki yenu inaangukia moja ya hizo mmepata bahati.


zuberi_mkweche

Samahani naingilia, kwa sisi tusio na kibali cha Ulaya tunaoombea viza nyumbani hesabu zinakuwaje? Na mimi nina hamu.


MamaZuwena

@zuberi_mkweche Malta na Crete na Sicily zote ni Schengen, viza ni moja, unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu katikati ya 2024, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni 45, chini ya 6 halipi, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, mwisho siku 15 kabla, ila usikae ukangoja hizo 15, miadi yenyewe ya kupeleka fomu inaweza kuchukua muda mrefu. Tiketi chukua ile inayoshikiliwa au inayorudishika mpaka viza itoke. Cyprus ni Umoja wa Ulaya lakini mpaka 2025 ilikuwa haijaingia Schengen, ina utaratibu wake, soma kwenye ukurasa wa ubalozi wao kabla hujafanya lolote.


Upepo_wa_Kusi

Tumekubaliana Malta jamani, Qawra. Nimemwandikia mwenye nyumba yale maswali ya kiyoyozi na umeme, mmoja amekaa kimya, mwingine amejibu vizuri na picha ya mashine yenyewe, ghorofa ya tatu, tunaelekea kwake. MamaZuwena hiyo ya Larnaca nimeiandika, in shaa Allah.

La mwisho, Gozo, kile kisiwa kidogo cha pembeni ya Malta, inafaa kwa siku moja na watoto au tuiache? Na ile Hypogeum, makaburi ya kale ya chini ya ardhi, mke wangu ameisoma mahali ameitamani sana.


Taratibu_Ndo_Mwendo

Gozo msiiache. Kutoka Qawra mko upande mzuri kabisa, basi inawafikisha Ċirkewwa, feri ni dakika 25, na wakati wa kwenda hamlipi chochote, mnalipa mkirudi, mtu mzima haifiki hata euro 5 kwenda na kurudi. Msiipangie tarehe toka nyumbani. Mkifika angalieni utabiri wa upepo wa wiki nzima, chagueni siku iliyotulia zaidi, maana upepo wa kaskazini mashariki ukikaza bahari inachafuka na feri zinaweza kusimamishwa, hutaki kukwama ng'ambo na watoto jioni. Kule mkashuke Victoria mpande ngome ya Cittadella, halafu basi mpaka Xagħra kwenye mahekalu ya Ġgantija, mawe makubwa yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Misri. Lile dirisha la mawe baharini mnaloliona kwenye picha za zamani lisiwafunge safari, lilianguka mwezi wa tatu 2017.

Hypogeum tiketi zinaisha wiki nyingi kabla kwa sababu wanaingiza watu kumi tu kwa zamu kulinda hewa ya mle ndani, kwa hiyo anunue leo mtandaoni sio kesho. Ila watoto chini ya miaka 6 hawaruhusiwi kabisa, na tiketi yenyewe sio ya bei ndogo. Ningesema aende shemeji na mkubwa, wewe ubaki na mdogo pale Paola, mji ilipo Hypogeum, mle pastizzi mkiwasubiri.